Mradi wa Kanyagio: shajara ya mguu wa kulia

Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu ipo Majengo, Moshi. Nashona sare za shule, magauni ya kitenge na nguo za kipaimara. Kila oda inayoingia naiandika kwenye daftari: imeletwa lini, imefika wapi, imekwamia wapi. Safari hii oda iliyoingia ni mguu wangu mwenyewe, na nimeamua kuuandika vilevile. Kazi inayotakiwa: mguu wa kulia ukanyage cherehani saa nzima bila kupumzika.

Machi, mwanzoni

Ilikuwa wiki ya mbio za Kilimanjaro Marathon, mji umefurika wageni, bodaboda hazikamatiki. Niliyoipata iliteleza karibu na soko la Mbuyuni, ikalala upande wa kulia. Mwili wangu ukaenda, unyayo ukabaki umenasa kwenye kikanyagio.

Kituo cha kwanza nilikopelekwa walinipiga picha nikiwa nimelala, wakasema nimeteguka tu. Bandeji, vidonge vya maumivu, nyumbani. Siku chache baadaye nikaona doa jeusi la damu iliyovilia, katikati kabisa ya uwayo, mahali ambapo sikugongwa na kitu. Kwenye hospitali ya pili daktari aligeuza mguu, akaliona lile doa, na hakuuliza mengi. Alitaka picha nyingine, nikiwa nimesimama na uzito uko juu ya mguu. Nililia, lakini nilisimama.

Pengo likaonekana. Mfupa mrefu wa dole gumba na ule wa kidole cha pili vimeachana, kano inayovifunga kwenye mifupa midogo ya katikati ya unyayo imekatika. Ukipigwa picha umelala, mifupa hujirudia karibu na mahali pake na picha inaonekana safi, ndiyo maana jeraha hili huwaponyoka wengi. Linaitwa Lisfranc, jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Jacques Lisfranc, aliyewahi kutumikia jeshi la Napoleon. Zamani lilihusishwa na wapanda farasi walioanguka huku mguu umenasa kwenye kikuku cha tandiko. Karne mbili zimepita, farasi amekuwa pikipiki, mguu ni uleule.

Nayaandika haya kwa ajili ya mwingine. Ukiumia unyayo, ukaambiwa umeteguka, kisha ukaona damu imevilia chini ya uwayo, rudi hospitali uombe picha ya kusimama.

Machi, baada ya upasuaji

Ganzi ya mgongo. Nilisikia sauti za vyuma na redio, sikusikia maumivu. Sasa nina skrubu na bamba dogo ndani, na hogo kuanzia vidoleni hadi chini ya goti.

Maelekezo ya daktari, kama nilivyoyashika: mguu usiguse chini wiki sita hadi nane. Baadaye uzito kidogo kidogo. Kutembea vizuri, hesabu miezi. Uvimbe wa jioni unaweza kukaa hata mwaka. Hapo kwenye mwaka nilimwambia arudie, akarudia neno kwa neno.

Nikamuuliza nitakanyaga cherehani lini. Akataka kujua cherehani ya miguu inakanyagwaje, nikamwonyesha kwa kiganja: vidole chini, kisigino chini, vidole chini. Akacheka. "Hiyo itakuja kuwa dawa yako, dada. Lakini si sasa."

Nimeliandika hilo kwenye jalada la ndani la daftari, mahali ninapoweka namba za wateja wabishi.

Aprili, masika

Mvua, mlima haupo. Watu wa Moshi wanajua hali hiyo: wiki nzima unaishi chini ya Kilimanjaro na huuoni hata ukingo wake.

Mguu lazima ukae juu kuliko moyo, kwa hiyo nimelala, na chini yake kuna robota la vitenge vya mteja (nimelifunika nailoni, asiwe na wasiwasi). Nikiushusha ili niende chooni, vidole vinageuka zambarau na mguu mzima unapwita. Damu inashuka vizuri, kuirudisha juu ndiyo shida, maana misuli ya vigimbi inayoisukuma imefungwa. Ndiyo sababu nimepewa sindano za kuzuia damu kuganda, na nimeambiwa nichezeshe vidole kila ninapokumbuka. Pia nimeonywa kwamba kigimbi kikivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikinibana, nisisubiri asubuhi.

Mama mkwe ameshuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, ananilisha mtori kama aliyejifungua. Mzee jirani anashikilia kwamba dawa ni supu ya makongoro, kwa sababu mguu hujengwa na mguu. Muuguzi alitaja maziwa, dagaa, mayai na maharage. Nakula vyote. Makongoro sina hakika nayo, ila sijawahi kuona hoja tamu kiasi hicho ikikataliwa.

Kijana wa bodaboda alikuja na baba yake mdogo, mkononi ameshika jani la sale. Kwa Wachagga anayekuja na sale kuomba msamaha hakataliwi, na mama mkwe alinikazia macho kabla sijafungua mdomo. Nikampokea. Tangu siku hiyo ndiye ananipeleka kliniki, kwa bajaji ya rafiki yake, mwendo wa maiti. Kila tuta anauliza, "Mama, umeumia?"

Kazi: nashona kwa mkono. Vifungo, pindo za chini, shanga za nguo ya bibi harusi. Binti ninayemfundisha anakalia cherehani, mimi namsahihisha nikiwa kitandani kwa kusikiliza tu. Mshono uliokwenda vizuri una sauti yake.

Aprili, siku mbaya

Leo sikushona. Nililala nimegeukia ukuta. Binti alikuja akasema mteja amefuata sketi, nikamwambia sipo.

Aprili, bado

Wageni wakija kunipa pole, mazungumzo hufika kwa John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico, Mtanzania kaanguka kwenye marathoni, goti limeumia, akajifunga bandeji na kumaliza wa mwisho giza limeingia. Namheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Lakini kila nikisikia habari zake nikiwa kitandani, nazidi kuwa mnyonge, na nimekaa nikatafuta sababu.

Nafikiri nimeipata. Akhwari alijua mstari wa kumalizia uko wapi. Uchungu wake ulikuwa na urefu, kilomita kadhaa tena kisha basi. Mimi nimeambiwa "miezi", "hadi mwaka", "inategemea". Ujasiri wa kukaza meno hauna pa kushika hapo. Huwezi kukaza meno mwaka mzima, yatakatika.

Ninachohitaji ni kipimo. Fundi hasemi gauni "linaendelea vizuri". Anasema mikono imeunganishwa, bado zipu. Basi nimechukua futi kamba yangu. Kila Jumapili jioni nitapima, nitaandika, kisha nitafunga daftari hadi Jumapili nyingine. Katikati ya wiki ni marufuku kuupima mguu, na ni marufuku kuujadili na wageni wenye nia njema.

Mei, hogo limetoka

Msumeno mdogo unaopiga kelele kuliko unavyokata. Ndani yake kuna mguu nisioufahamu: ngozi imekauka na kubambuka magamba, nywele ndefu, kovu jekundu juu ya unyayo.

Vipimo: kigimbi cha kushoto sentimita 36, cha kulia 32. Misuli isiyotumika huyeyuka haraka na hurudi kwa mwendo wa kinyonga. Kifundo upande wa kulia kimezidi cha kushoto sentimita 3, uvimbe huo. Kati ya dole gumba na kidole cha pili hakuna hisia kabisa, naweza kupachoma sindano nisijue (nimejaribu kwa kichwa cha sindano, si ncha). Daktari anasema mshipa wa fahamu unaopita hapo ulisumbuliwa. Mishipa hiyo hukua upya takriban milimita moja kwa siku. Nikapima kwa futi kamba kutoka kwenye kovu hadi kwenye ngozi ile isiyo na hisia, nikapata sentimita kumi na ushee. Hesabu yake ni zaidi ya miezi mitatu, na hapo ndipo nilipofurahi kwa mara ya kwanza: safari yenye urefu unaojulikana.

Picha inaonyesha vyuma havijasogea. Pale mifupa ilipopasuka pembeni kuna ukungu mweupe, mfupa mchanga. Niliambiwa kwamba kwanza damu huganda, halafu inaota tishu laini kama gegedu, halafu mfupa mpya usio na mpangilio, na mwisho mfupa unajichonga upya kulingana na uzito unaoubeba. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ndefu, na ndiyo inayotaka nianze kukanyaga.

Mei, mizani

Mtu wa mazoezi tiba kasema nianze na uzito wa kilo kumi kwenye mguu mbaya, mengine yote magongoni. Kilo kumi utazijuaje kwa mguu? Akasema weka mizani ya kupimia uzito chini ya mguu huo, kando yake weka kitabu kinene chini ya mguu mwingine, kandamiza mpaka mshale ufike kumi, shika hiyo hisia, kisha tembea nayo.

Mizani sina. Lakini karibu na stendi kuna kijana anayezunguka na mizani, anapima watu uzito kwa kulipwa. Nilimtuma yule wa bajaji akamlete. Alikuja kila jioni, anapiga magoti mbele yangu, anasoma mshale kwa sauti: "Sita… nane… tisa, ongeza mama… kumi! Kumi na tatu, punguza, punguza!" Wapangaji wenzangu walijaa mlangoni. Wiki iliyofuata walishaanza kubashiri. Tulipofika ishirini, mama wa chumba cha mwisho alipiga vigelegele.

Kijana akakataa malipo ya wiki hiyo. Nimemshonea suruali.

Juni, mota

Mjadala wa nyumbani. Mume wangu anataka tufunge mota kwenye cherehani, nitumie pedali ya umeme kwa mguu wa kushoto. Bei yake haiui, kazi zinaharibika, sare za muhula wa Julai zinadaiwa.

Nilipinga kwa siku kadhaa na sikuwa na hoja. Ndani yangu mota ilikuwa na maana ya kukubali kwamba kanyagio halirudi tena. Mtu wa mazoezi tiba ndiye aliyenifungua. Kaniuliza, "Ukitumia magongo, umekata tamaa ya kutembea?"

Mota imefungwa. Inashona haraka kuliko mimi, inalia kama nzi kwenye chupa, na umeme ukikatika inakaa kimya na sote tunatazamana. Kanyagio na mkanda wake nimeviacha mahali pake. Deni la sare limelipika. Naona sasa kwamba kwa muda mrefu nilikuwa naulisha mguu wangu wasiwasi wa kodi ya fremu, na mguu haukuwa na la kufanya nao.

Juni, katambuga

Hii ni sehemu ninayoipenda. Nimeruhusiwa kutembea na gongo moja, kwa sharti la kiatu chenye soli ngumu isiyokunjika katikati, iliyoinuka kidogo mbele. Kiatu kikikunjika, mzigo wote unaenda palepale kwenye skrubu. Hapa Moshi tuna bahati: pale hospitali ya KCMC kipo TATCOT, chuo ambacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, kwa hiyo mtaani watu wanajua kwamba kiatu kinaweza kuwa dawa.

Nilimweleza mzee wa viatu anayekaa chini ya mti mbele ya fremu yetu. Hakusema neno. Alichukua kipande cha tairi la lori, akakikunja kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ikamtoka, hakikukunjika. Akakilaza chini, akaniambia nikanyage, akachora kwa chaki. Akakata akifuata mviringo wa asili wa tairi, ili mbele papande juu penyewe. Ndani akabandika godoro jembamba, akaongeza kipande kidogo chini ya upinde wa unyayo, akafunga kanda mbili pana zenye bizimu za mkoba wa zamani ili nilegeze jioni mguu ukivimba. Kwa mguu wa kushoto akatengeneza mwenzake wa kimo hichohicho, kwa sababu, alisema, "Ukichechemea kwa kiatu, kiuno kitadai haki yake."

Mtu wa mazoezi tiba alikikagua kama nyaraka ya serikali. Akajaribu kukikunja, akashindwa, akakirudisha. "Huyu mzee anakaa wapi?"

Julai, kipupwe

Baridi. Asubuhi mlima mzima uko wazi, theluji inang'aa, na mguu umekakamaa hadi saa nne.

Tulizika Kibosho, ndugu wa mama mkwe. Mguu ulikwenda msibani pamoja nami, ukapanda na kushuka migombani, ukasimama ibada nzima. Usiku ulivimba hadi bizimu hazikufunga, na Jumapili futi kamba ikasoma kama mwishoni mwa Mei. Katika daftari langu nguo ikifumuliwa naandika "imefumuliwa, vitambaa vizima". Niliandika hivyohivyo. Siku kadhaa za kuuinua na barafu kwenye kitambaa, ukarudi ulipokuwa.

Agosti, kanyagio

Daktari ameruhusu. Nilivua mkanda wa gurudumu kwanza, ili nikanyage kanyagio tupu, bila mashine kuvuta. Mguu wa kushoto nyuma, wa kulia mbele, nusu inchi juu, nusu inchi chini. Kifundo kililalamika, unyayo ulinyamaza.

Baada ya wiki mbili nikarudisha mkanda, bila uzi. Anayekanyaga cherehani ya miguu anajua: gurudumu halitaki nguvu, linataka mguu ushuke kwa wakati wake. Ukichelewa kidogo tu, linageuka na kurudi nyuma. Likirudi nyuma likiwa na uzi, uzi unasokotana chini ya sahani na kukatika. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unachelewa pale kisigino kinapotakiwa kushuka, na gurudumu likawa linaniumbua mbele ya binti.

Hapo nikapata kipimo bora kuliko futi kamba. Nilikata vitambaa vya urefu mmoja, mabaki ya sare za kijani, nikawa nashona mshono mmoja ulionyooka kila asubuhi na kuangalia gurudumu limerudi nyuma mara ngapi. Vitambaa hivyo nimevibana pamoja kwa pini. Cha kwanza kina vinundu vya uzi toka mwanzo hadi mwisho. Cha katikati mwa Septemba kina kimoja. Binti anasema viwe pazia.

Pia: nikipitisha pamba kati ya dole gumba na kidole cha pili nasikia kitu, si mguso bado, ni kama umeme mdogo unaowasha. Daktari ameniambia huo ndio mshipa wa fahamu unaamka. Unaamka na hasira.

Oktoba

Vipimo vya Jumapili: kigimbi cha kulia 34 na nusu. Uvimbe wa jioni, sentimita moja, wakati mwingine hakuna. Kanyagio: dakika arobaini, kisha kunaanza kuuma juu ya unyayo, nahamia kwenye mota. Saa nzima sijafika. Kushuka ngazi bado nashuka upande upande, na kandambili sivai, pengine sitavaa tena.

Skrubu. Daktari amesema tuzitoe mwezi ujao, kwa sababu zimepita kwenye viungo ambavyo kwa asili vina mwendo mdogo, na nikizidi kutembea nazo zinaweza kuvunjika humohumo ndani. Wapo wanaoziacha, si lazima kwa kila mtu. Kwangu, na kazi hii ya kukanyaga, nimekubali zitoke. Maana yake ni chale tena, na wiki kadhaa za tahadhari. Nilipotoka kliniki nilitegemea moyo uzame, haukuzama sana. Kijana wa bajaji ndiye aliyezama. Ilibidi nimnunulie soda.

Maandalizi: godoro la mguu lipo, magongo hayajarudishwa, mama mkwe amearifiwa na ameshauliza nataka ndizi za aina gani. Mwenye mizani nimemwambia akae tayari. Katambuga zimepelekwa kwa mzee kubadilishwa godoro la ndani.

Oda za sare za Januari naanza kupokea vipimo Jumatatu. Wenye watoto wa darasa la kwanza waje mapema, wazidishe inchi mbili kwenye pindo, na watakaokuja Novemba watanikuta kitandani mguu uko juu. Waingie tu, futi kamba ninayo.